Mpira wa Ng'ombe Sebuleni kwa Mama

Kwetu Embu, mtoto akipata kazi nzuri hatamnunulia mama yake viatu vya maana. Atamjengea nyumba ya vigae. Unaweza kuwa na mkopo hadi shingoni, unaweza kuwa hujaonekana kanisani tangu ubatizwe, lakini mama yako akiwa anakanyaga sakafu inayong'aa, watu watakusogezea kiti cha mbele. Kaka yangu mkubwa ni mtu wa ofisi Nairobi. Alipomjengea Mama huko juu Kianjokoma, hakutosheka na vigae vya sebuleni. Aliviweka kwenye korido, akaviweka chooni, akaviweka hata kwenye baraza, ambapo mvua ya mlimani hupiga karibu mwaka mzima. Vilikuwa rangi ya maziwa, na ukiinama unaona meno yako.

Siku ya kuombea nyumba nilimwambia, "Hii sakafu inateleza." Akanijibu kwamba nina wivu kwa sababu kwangu ni simenti. Ni kweli kwangu ni simenti. Niliolewa Mitunguu, bondeni kwenye joto na ndizi, na simenti yetu imepasuka kama kisigino cha mkulima. Lakini hakuna mtu amewahi kuvunjikia hapo.

Nyumba ya vigae ina sheria zake, na kubwa yao ni kwamba mtu akifika mlangoni anavua viatu. Hakuna anayejua nani aliitunga. Wageni wakavua, wajukuu wakavua, na Mama mwenyewe, mwanamke aliyechuma majani chai na gambuti miguuni tangu nizaliwe, akaanza kuvua viatu ili aingie kwake. Sasa Kianjokoma ni baridi, na kigae cha asubuhi huko kinauma hadi kwenye magoti. Kwa hiyo wajukuu, kwa upendo mwingi, wakamnunulia soksi. Soksi nene za sufu, juu ya kigae kilichotoka kupigwa deki. Shetani mwenyewe angeona aibu kutega mtego rahisi hivyo.

Alianguka siku ambayo akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kusali naye. Sebule ilikuwa imepigwa deki mara mbili kwa heshima yao, na yeye akaingia kunyoosha vile vitambaa vya kufuma vinavyokaa juu ya makochi. Akina mama walipofika walimkuta chini, kitambaa kimoja bado mkononi. La kwanza alilowaambia lilikuwa wavue viatu.

Nyonga ya kushoto ilikuwa imevunjika. Walimfanyia upasuaji wakamtia chuma, na chuma kilikaa vizuri. Daktari, kijana mpole ambaye bado alikuwa na chunusi, alitukalisha sisi watoto wawili akatuambia ukweli: mifupa ya Mama imekuwa myepesi, na akianguka tena akavunja ule upande wa kulia, yeye hawezi kutuahidi kwamba atatembea. Wengine hawatoki kitandani kabisa baada ya hapo, akasema, na hawachukui muda mrefu kuondoka. Kaka yangu akauliza kama kuna hospitali bora zaidi. Huwa anauliza hivyo hata mkahawani.

Mama alikuwa amesikia kila neno. Watu wa mjini hudhani mwanamke mzee wa Embu hajui Kiswahili, na yeye huwaacha wadhani hivyo, maana anapata habari nyingi. Tulipobaki wawili akaniambia kwa lugha yetu, "Sikiliza wewe. Mimi sitaki kubebwa chooni kama gunia. Nataka kutembea mpaka jikoni kwangu niwashe moto wangu. Siku nitakaposhindwa hilo, msinisumbue na dawa." Hakuwa anatania. Nilitoka nje nikalia kando ya kamba ya kuanikia mashuka ya wagonjwa, kwa sababu nilijua mahali anaporudi ni kulekule kwenye barafu ya kaka yangu.

Shuleni tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu ilikuwa kinyume. Mkuu ndiye alikuwa amevunjika guu, na wasiosikia tulikuwa wazima tukibishana kwenye simu.

Kaka alikuwa na mipango. Kwanza atafutwe mtu wa kumfuata Mama nyuma kila anapokwenda. Mama akasema amekuwa mjane miaka mingi na hahitaji mwanamume wala mwanamke wa kumfuata. Kisha anunuliwe kiti cha magurudumu. Kisha ahamie Nairobi kwenye fleti yake, ambayo, sikuwa na haja ya kuuliza, nayo ina vigae. Mama alikataa vyote, na fleti aliikataa kwa sababu moja, kwamba Nairobi hakuna mahali pa kuwasha moto wa kuni. Mimi nikasema tuvunje vigae turudishe simenti. Nilijua kaka anafikiria picha za ile sebule alizowatumia wenzake wa ofisini.

Aliyenipa wazo la kwanza ni yule dada wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, aliyekuwa akimfundisha Mama kusimama na fremu ya kutembelea. Nilimuuliza kama kuna dawa ya sakafu. Akacheka, akasema kwa wenzetu wenye uwezo kuna sakafu zinazotengenezwa kwa ajili ya wazee: ukizikanyaga ni ngumu, lakini mwili ukiangukia hapo zinabonyea kidogo na kumeza lile pigo. Akaniambia pia nisikimbilie kushangilia, kwa sababu hata wao bado wanabishana kama kweli zinaokoa mifupa, na sakafu ikiwa laini kama godoro mzee anayumba anaanguka zaidi. Nikamuuliza zinauzwa wapi Embu. Akacheka tena.

Basi nikaenda Kianjokoma kumtayarishia Mama nyumba na kumkamulia ng'ombe wake. Huyo ng'ombe ni wa gredi, wale wa maziwa mengi, zawadi nyingine ya kaka, na anaishi kwenye banda lenye paa zuri kuliko langu. Alipoletwa, mtu wa mifugo alimwambia kaka kwamba ng'ombe akisimama na kulala kwenye simenti tupu ataumia magoti na nyonga, na maziwa yatapungua. Kaka hakubishana na mtu wa mifugo. Wiki hiyohiyo alileta mikeka ya mpira, ile minene myeusi yenye vipele juu, akamtandikia ng'ombe banda zima.

Asubuhi moja natoka na ndoo ya maziwa, nikakanyaga samadi, nikaenda chini mzima mzima. Mimi si mwepesi. Niliangukia nyonga, ndoo ikaruka, maziwa yote yakaogesha banda. Nililala pale nikisubiri maumivu, kama vile mtu anavyosubiri kelele baada ya kuona sufuria inaanguka. Ng'ombe alinitazama akiendelea kutafuna. Maumivu yalikuja, lakini yalikuja kama yale ya kujigonga kwenye meza. Nikakaa. Nikaupiga ule mpira ngumi. Halafu, na samadi yangu yote, nikaingia sebuleni na viatu vyangu miguuni, nikapiga kigae ngumi ileile. Vidole vilivimba siku nzima. Huo ndio utafiti nilioufanya mimi.

Nikampigia kaka simu hata kabla ya kunawa. Nikamwambia, "Ng'ombe wako analalia mpira na mama yako anatembea juu ya kioo. Hebu nikumbushe, kati ya hao wawili ni nani alikuzaa?"

Akakata simu. Baadaye alituma ujumbe kwamba hawezi kukubali watu waseme amemweka mama yake zizini. Nilikuwa njiani kwenda Embu mjini.

Kwenye duka la pembejeo, muuzaji aliniuliza nina ng'ombe wangapi ili anipimie. Nikamwambia nina mmoja, amepita miaka themanini, ana chuma kwenye nyonga na hapendi kuambiwa la kufanya. Alicheka mpaka akashika kaunta. Nilipomweleza vizuri, aliacha kucheka, akasema mama yake naye ana vigae. Akaniacha nipande juu ya kila aina ya mkeka dukani, nikisimama kwa mguu mmoja kama korongo, nione upi unaniyumbisha. Ule uliokuwa laini zaidi niliukataa. Nilichukua uliokuwa mgumu chini ya unyayo lakini ukiupiga goti unakubali.

Fundi alitoka Kiritiri, na muguka, yale majani ya kutafuna, ulikuwa umejaa shavu moja tangu asubuhi. Kwanza aliniwekea mpira katikati ya sebule kama zulia, akasimama kando akijisifu. Ukingo wake ulikuwa umeinuka kama ngazi, pale hasa ambapo fremu ya Mama ingepita. Nilimwambia kwa ukali kwamba akitaka kumuua mama yangu atumie panga, ni haraka zaidi. Tukaanza upya. Tulitandika kutoka ukuta hadi ukuta, sebule, korido, chumba chake mpaka mlango wa choo, na pale mpira ulipokutana na kizingiti akauchonga kwa kisu uteremke taratibu. Tulipomaliza, milango yote ilikataa kufunguka kwa sababu sakafu ilikuwa imepanda. Ikabidi aing'oe na kuikata chini. Nyumba nzima ilinuka duka la matairi, na ile rangi ya maziwa kaka aliyoichagua kwa mwezi mzima ikafunikwa na weusi wa lami.

Mama alirudi. Alisimama mlangoni na fremu yake, akaangalia chini, akaniangalia mimi. Nikamwambia aingie na viatu. Aliingia. Akakanyaga kisigino, akakanyaga tena kama mtu anayejaribu udongo kabla ya kupanda, akasema, "Hapa mguu unajua uko wapi." Akatembea mpaka mlango wa nyuma, akateremka kwenye jiko lake la nje huku mimi nikimshika kiuno, akakaa kwenye kigoda kirefu tulichomtafutia, akawasha moto. Moshi ulipoanza alifumba macho kwa raha. Nilitamani wakati huo kaka awepo aone, halafu nikashukuru kwamba hayupo, maana angeleta habari za gesi.

Majirani hawakutuachia. Mmoja wa wale akina mama wa kanisa, ulimi wake haujawahi kufunga sabato, alikuja akazunguka sebule nzima akiukanyaga mpira, kisha akauliza kama Shosho mwenye nyumba sasa analetewa nepia, majani ya ng'ombe, ama bado anakula ugali. Mama akamjibu, "Aliyenikamua wa kwanza ni yule wa Nairobi. Si unaona alivyonenepa?" Habari hiyo ilifika Nairobi kabla chai haijapoa, na kaka akaninunia kana kwamba mimi ndiye nilisema.

Kisha akatangaza ibada ya shukrani kwa kupona kwa Mama. Pasta ataalikwa, akina mama wataalikwa, na wenzake kadhaa wa ofisini watatoka Nairobi. Nilipofika kutoka Mitunguu asubuhi ya siku yenyewe, na ndizi zangu za kupika, nikakuta sebule inang'aa. Mpira wote wa sebuleni ulikuwa umekunjwa na kutupwa nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji. Kaka alikuwa amepiga deki mwenyewe, na suruali imekunjwa hadi magotini. Uzuri wa mkakasi, nikasema moyoni, ndani kipande cha mti.

Kwa sauti nilisema mengine, ambayo sitayaandika kwa sababu watoto wangu wanajua kusoma. Alinijibu, "Ni leo tu. Ni saa chache. Nitamshika mkono mimi mwenyewe." Nikamuuliza kama aliushika ule mkono siku ile ya soksi. Hapo macho yake yakalowa, na nikajua nimempiga mahali pabaya, lakini nilikuwa nimekasirika na sikurudisha neno. Nilikuwa naogopa pia. Hofu yangu hutoka ikiwa na kelele.

Mama akatokea kwenye korido na fremu yake, kitambaa kipya kichwani. Alifika pale mpira unapoishia na kigae kinapoanza, akasimama. Aliangalia kile kigae kwa muda. Kaka akanyoosha mkono. Mama hakuuchukua.

"Lete kiti," akaniambia. Nikamletea kiti, akakaa palepale kwenye mdomo wa korido, juu ya mpira wake, kama karani wa kivuko. "Shukrani zenu nitazisikia kutoka hapa."

Kaka akambembeleza. Akamwambia wageni watashangaa. Mama akasema kwamba wageni watashangaa zaidi wakirudi kesho kutwa kwa matanga.

Wageni wakafika wakiimba, wakavua viatu mlangoni, wakaingia kwa soksi wakitembea kama kuku kwenye matope. Pasta wetu ni mwanamume mkubwa mwenye suti ya vipande vitatu, na soksi zake zilikuwa za hariri au kitu kama hicho. Alimwona Mama kule mwisho, akanyoosha mikono yote miwili kumbariki, akaharakisha. Miguu ilitangulia. Pasta aliketi kabla ya kukaribishwa, na alipokuwa anashuka alishika pazia, pazia likashuka naye pamoja na ule mti wake. Wimbo ulikatika katikati ya haleluya. Mama, mwanamke wa maombi, aliziba mdomo kwa kona ya leso yake na mabega yakaanza kutikisika.

Hakuumia, ni vile ana akiba ya nyama. Alipotolewa kwenye pazia aliuliza kwa sauti ndogo, "Ule mpira tuliosikia habari zake uko wapi?" Hakuna aliyepanga jambo. Akina mama walivaa viatu vyao, wakaenda nyuma kwenye tangi, wakarudi wakiburuta mikeka wakiwa na magauni yao ya Jumapili, na yule wa maneno ya nepia alikuwa mbele akiamrisha nani ainue wapi. Wale wa ofisini walisimama barazani wakipiga picha, na kaka yangu alishika kona moja ya mkeka uso umemwiva. Mpira ulipokwisha kulazwa, Mama akainuka, akavuka sebule yake na viatu vyake, na ibada ikaanza upya.

Tangu siku hiyo kaka hakugusa tena mpira, lakini pia hakuutaja. Alikuwa akija mara nyingi zaidi. Alikuwa akikaa kwenye kochi na kumtazama Mama akitembea, akijifanya anasoma simu.

Pasaka tulikuwa pale wote wawili. Ilikuwa alasiri, nimebeba chupa ya chai kutoka jikoni, na Mama alikuwa amesimama karibu na meza bila fremu yake, kwa sababu siku hizo alikuwa ameanza kuisahau kwa makusudi. Kuku akaingia kutoka barazani. Mama hawezi kumvumilia kuku ndani ya nyumba. Aligeuka upesi kumfukuza, mguu wa kushoto ukachelewa kufuata, na akaenda chini mbele ya macho yangu, upande wa kulia, ule mzima.

Kishindo chake kilikuwa kizito na kifupi. Nilisimama na chupa yangu. Nilimwona yule daktari wa chunusi akitukalisha, nikaona kitanda, nikaona jiko bila moshi, na sikuweza kuusogeza mwili wangu hatua moja. Kaka ndiye aliyefika kwanza. Alianguka kwa magoti pembeni yake, akaweka viganja vyote viwili kwenye ile nyonga bila kubonyeza, kama mtu anayefunika taa isizimike.

Mama alikuwa amefumba macho. "Msiniguse," akasema. "Ngojeni nijisikilize."

Tukangoja. Vidole vya mguu vikasogea ndani ya kiatu. Kisha kifundo. Kisha goti likapanda polepole, likashuka, likapanda tena. Kesho yake tulimpeleka akapigwa picha, na mfupa ulikuwa mzima. Kama ni mpira, au ni Mungu, au ni namna tu alivyoanguka, yule dada wa mazoezi alisema hakuna anayeweza kutuambia, na mimi sikumlazimisha. Lakini wakati ule hatukuwa na picha yoyote. Tulikuwa na lile goti tu.

Kaka yangu aliinama mpaka uso wake ukalala kwenye mpira wa ng'ombe, akalia kwa sauti, mwanamume wa ofisi na mvi zake. Mimi nikagundua kwamba nimeketi chini, na chai inanitiririkia mapajani ingali moto, na sijali.

Mama alifumbua jicho moja akamtazama mwanawe. "Na wewe umevunjika wapi?"

Hakungoja jibu. Alijigeuza ubavu kama alivyofundishwa hospitalini, akapiga goti moja, akashika mkono wa kochi, akapumua, akasimama. Akanyoosha sketi yake. Kisha akachukua fremu iliyokuwa imeegemea ukuta, akamfuata yule kuku hadi barazani akimtukana ukoo mzima, na tukasikia mlango wa jiko ukifunguka. Sisi watoto wake wawili tulibaki palepale sakafuni, na kila mmoja wetu alijaribu kusimama akashindwa.